Kipokezi cha maabara na kifafa cha binti yangu

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 12, anameza fenobabitoni kila usiku. Mjomba wake amesoma kwamba siku hizi wataalamu wanapandikiza vipokezi kwenye ubongo, halafu dawa moja inazima kifafa. Niipate wapi?
Mama Zuhura, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. Mjomba kasoma sawa, ila hiyo ni kazi inayofanywa kwa wanyama wa maabara kama panya. Naijua kwa sababu nimeifanya miaka mitatu maabara.

Kipokezi ni kama kitasa kwenye utando wa nje wa seli. Mwaka 2007 kundi la mtafiti Bryan Roth huko North Carolina, Marekani, lilikibadilisha kitasa cha binadamu kikakataa ufunguo wake wa asili, kemikali ya mwilini iitwayo asetilikolini, kikakubali dawa iitwayo CNO. Kuna kitasa cha kuamsha seli na kingine cha kuinyamazisha.

Sasa, kwenye gamba la ubongo, karibu seli moja kati ya tano ni breki: humwaga kemikali ya GABA na kuzituliza jirani zake. Ukiziamsha hizo, mtandao mzima hupoa. Ukizinyamazisha, umekata breki, na degedege linaweza kuja. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kitasa kimekaa kwenye seli ipi. Sisi tulitoboa fuvu la panya, tukaingiza virusi vilivyobeba jeni ya kitasa, tukasubiri wiki tatu seli zikitengeneze, ndipo tukachoma CNO. Zuhura hana kitasa hicho, basi dawa hiyo haina pa kushika.

Tena ina hatari. Mwaka 2017 ilionekana kwamba mwilini sehemu ya CNO hugeuka klozapini, dawa ya magonjwa ya akili ambayo yenyewe huweza kuleta degedege. Ndiyo maana daima tulikuwa na panya wasio na kitasa waliochomwa CNO ileile, tuone dawa pekee inafanya nini. Atakayekuuzia kitu hicho, mkatalie.

Fenobabitoni nayo hufanya kazi kwenye breki hizohizo: huipa GABA nguvu zaidi. Nakusihi, usiikatishe ghafla hata siku moja. Degedege linaweza kurudi na lisikatike.

Hukuniandikia kama bado anaanguka. Kama anaanguka, andika tarehe, saa na muda wa kila tukio, pamoja na siku alizokosa dawa, upeleke daftari hilo kliniki. Dozi hupangwa upya kwa uzito, na miaka 12 ni umri wa kuongezeka uzito haraka.