Panda mkindu kabla ya kupanda ashoki

Nilipohamia Goba, Dar es Salaam, plasta ya ukuta haijakauka vizuri, nilikwenda kwa wauza miche wa kando ya barabara. Nikarudi na ashoki kumi na mbili za kupanga kwenye uzio, pamoja na mitende mitatu ya mapambo ya kutoka ng'ambo. Kiangazi chote nilishinda na mpira wa maji mkononi. Mitende miwili ikakauka. Ashoki zilisimama wima, lakini ndege niliowaona pale uwanjani walikuwa kunguru tu.

Aliyenifungua macho ni bibi jirani, ambaye husuka mikeka kwa ukindu, yaani majani ya mkindu. Aliuangalia uwanja, akaniuliza, "Mwanangu, eneo lote hili umekosa pa kuweka hata shina moja la mkindu? Mwenzio ukindu nanunua!" Wiki ile ile akaniletea kindu mbivu, matunda ya mkindu, za rangi ya machungwa, kwenye kitambaa.

Nilizitoa nyama, nikaziloweka, nikazipanda kwenye viriba vya mchanga na samadi. Mkindu unataka subira; miezi ilipita kabla sijaona jani la kwanza, jembamba kama jani la nyasi. Masika yalipoanza nikaihamishia ardhini. Mwaka wa kwanza niliimwagilia na kuiwekea matandazo, basi.

Jambo moja wauza miche hawakuambii: kuna mkindu dume na mkindu jike, na dume hauzai. Ukipanda mmoja unaweza kukosa kindu maisha. Panda mitatu au minne, kwa karibu. Pia kwenye shina la kila kuti pana miiba mirefu, mikali kweli, kwa hiyo usiupande mlangoni wala watoto wanapochezea. Mimi niliiweka pembeni, karibu na maji ya kuogea yanapomwagika, maana mkindu hupenda unyevu.

Siku moja asubuhi nikamwona mnana, wa manjano kama kiini cha yai. Alitua kwenye kuti, akauma ukingo wa jani, akalibana mdomoni, kisha akaruka. Uzi mrefu wa kijani ukachanika nyuma yake, naye akaondoka nao kwenda kusuka kiota. Nilisimama na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Bibi naye huuchana ukindu vivyo hivyo, kwa kucha ya kidole gumba.

Mji huu una majina yanayotuelekeza. Mikocheni ni penye mikoche, Mkwajuni ni penye mkwaju. Mkoche nao ni wa kwetu, na majani yake ndiyo miyaa, lakini mbegu yake ipande pale pale utakapokaa mti, kwa sababu huzamisha mzizi chini sana na hauvumilii kuhamishwa. Mkwaju usiuweke kwenye kiwanja kidogo. Ni mti mkubwa, utakugombanisha na jirani.

Kwa uzio, niling'oa ashoki nane nikapanda mkwamba. Huzaa matunda madogo meupe, na ndege shorewanda huyamaliza siku chache tu. Chini yake nikaweka mishubiri, ambayo ikitoa maua, ndege chozi hawabanduki. Hii haihitaji mpira wa maji kila jioni.

Kunguru wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hula mayai na makinda ya ndege wengine. Ukipanda miti yote hii halafu ukaacha ndoo ya taka wazi, umewaandalia wao. Funika taka kwanza.

Tafadhali, miche usiende kuing'oa kwenye misitu ya Pugu. Omba mbegu kwa wasukaji, wanajua ilipo.

Masika haya nina viriba sita vya mkindu barazani. Viwili ni vya bibi, ameshachimba mashimo.