Mpe kabla hajaomba

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilitoka kwa msomaji wa Kasarani ambaye paka wake anamganda kama kupe: hamwachi apike, hamwachi asome, na usiku humlilia mlangoni mwa chumba. Anauliza kama huo ni upendo uliopita kiasi na afanye nini. Ninaishi na paka wa namna hiyo hapa South B, na jambo lenyewe nimelifikiria sana, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu wa jibu langu.

Kwa maoni yangu, upendo haujazidi. Kinachokosekana ni uhakika. Paka huyo hajui ni saa ngapi utamjali, ndiyo maana anaomba saa zote. Akishajua, atakuachia nafasi mwenyewe, wala hutahitaji kumfukuza.

Wangu anaitwa Kashata. Alikuwa wa jirani wa ghorofa ya chini aliyehamia Nakuru, akaniachia akiwa paka mzima mwenye tabia zake. Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani, na cherehani yangu iko kando ya dirisha la sebuleni. Kitambaa cha mteja kikishatandazwa mezani ili kikatwe, Kashata huja akalala katikati yake. Ukimwondoa, anarudi. Katika siku zake za mwanzo hapa, nikimfungia chumbani alilia hadi wateja wakaniuliza kama nina mtoto mchanga.

Wateja hao hawakukosea sana. Paka wakubwa ni nadra kuliliana wao kwa wao. Mtoto wa paka humlilia mama yake, na akikua huiacha ile sauti. Anayeendelea nayo ni yule anayeishi na watu, kwa sababu ameona kwamba kwetu inasikika. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, wakiongozwa na Karen McComb, walirekodi mngurumo wa paka wanapoomba chakula. Walikuta ndani ya mngurumo ule mzito mmejificha mlio mwembamba unaokaribiana na kilio cha mtoto mchanga. Waliosikilizishwa, hata wale ambao hawajawahi kufuga paka, waliuona una haraka kuliko mngurumo wa kawaida. Kwa hiyo msomaji wa Kasarani asijilaumu akishindwa kuipuuza sauti hiyo. Masikio ya binadamu ndivyo yalivyo.

Lakini kabla ya kuigusa tabia, hakikisha kwanza kwamba si mwili unaosema. Hapa ndipo watu wengi wa Nairobi wanapopita haraka mno.

Kama paka wako ni jike na hajafungwa kizazi, huenda unachokiita deko ni haja ya dume. Hujigaragaza sakafuni, hujisugua kwenye kila mguu wa kiti, huinua kiuno ukimpapasa mgongoni, na hulia usiku kucha. Katika nchi zenye majira ya baridi kali paka hupumzika miezi ile ambayo mchana ni mfupi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na jike anaweza kutaka dume mwezi wowote. Asipopata mimba, baada ya wiki mbili au tatu anaanza upya. Kashata aliletwa kwangu akiwa katika hali hiyo, na zile kelele za usiku zilikwisha alipofungwa kizazi. Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, na KSPCA, shirika la kutunza na kulinda wanyama, liko Karen. Ukiwa huna daktari wa mifugo unayemjua, anzia kuuliza huko. Dume naye ahasiwe. Mnaosema ni ukatili, tazameni watoto wa paka wanaookotwa nyuma ya vibanda vya nyama, halafu tuzungumze.

Kuna njaa pia, na hapa simaanishi sahani tupu. Paka wengi wa mjini hulishwa ugali uliolowekwa kwenye mchuzi, au mkate na maziwa. Tumbo linajaa, lakini paka ni mnyama wa nyama, na mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, ambacho kwenye ugali hakimo. Akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Kabla ya kufika huko utamwona yuko miguuni pako kila unaposhika sufuria. Omena wa kuchemsha, vichwa vya samaki, maini kidogo na matumbo yaliyosafishwa ni vitu vya sokoni tu. Ukiweza, changanya na chakula cha paka cha dukani ambacho kimeandikwa kuwa ni kamili. Usitie kitunguu wala kitunguu saumu, kwani vyote viwili ni sumu kwake. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wakubwa wengi.

Na kuna baridi. Watu wa Mombasa hawatanielewa, lakini wa Nairobi wanaijua Julai. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na nyumba zetu za mawe hazina cha kupasha joto. Paka hustarehe kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi, kiasi ambacho mtu angekuwa anatokwa jasho. Mapaja yako ndiyo mahali penye joto kuliko pote ndani ya nyumba hiyo, basi asikae hapo akae wapi? Mimi nilimwekea kikapu chenye mabaki ya blanketi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, kikae juu ya kabati badala ya sakafuni. Jioni za baridi sasa huchagua kikapu.

Paka mzee, hasa aliyepita miaka kumi, akianza ghafla kulia sana na kukufuata huku anakula vizuri lakini anakonda, mpeleke kwa daktari. Mara nyingi ni tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, na ina matibabu.

Ukishayaangalia hayo yote na paka ni mzima, ndipo uje kwenye tabia. Ninalosisitiza zaidi ni hili: usimlipe anapolia, mlipe kabla hajalia. Wengi hushika nusu ya kwanza tu. Wanaambiwa wapuuze, wanapuuza siku mbili tatu, kilio kinazidi, wanachoka, wanafungua mlango saa tisa ya usiku. Paka aliyefunguliwa baada ya kulia saa nzima amejifunza kulia saa nzima. Na kilio lazima kizidi kwanza kabla hakijapungua, kwa sababu anajaribu kwa nguvu zaidi kile kilichomfaa jana. Anayelijua hilo mapema havunjiki moyo. Lakini kumpuuza peke yake ni kumnyima, na paka aliyenyimwa hazidi kukuamini. Ile nusu ya pili ndiyo inayomtuliza.

Kwetu inakwenda hivi. Asubuhi, kabla sijagusa cherehani, ni wakati wa Kashata. Sishiki simu wala sipigi pasi. Nina fimbo nyembamba yenye kamba na manyoya ya kuku, na ninaikokota chini ya viti kama kitu kinachotoroka, si kumpungia usoni. Anavizia, anarukia, anakamata. Akianza kuhema kidogo, namwekea chakula. Huo ndio mpangilio wa asili yake: kuwinda, kula, kujilamba, kulala. Akila bila kuwinda bado ana nguvu za kukusumbua. Akiwinda bila kula anabaki na hamaki. Vikifuatana hivyo, hulala mwenyewe, na mimi hupata asubuhi nzima ya kukata na kushona. Jioni tunarudia kabla ya mimi kwenda kulala, kwani paka huchangamka zaidi jua linapochomoza na linapozama, na ukimchosha jioni anakuachia alfajiri.

Katikati ya siku nikisimama kunywa chai huwa namwita mimi. Hilo ni jambo dogo lakini nalithamini kuliko yote. Namwita akiwa ametulia, akiwa hana habari nami, nampapasa kwenye mashavu na chini ya kidevu, ambako ndiko mwenyewe hujisugua ili kuacha harufu yake, kisha namwacha. Kwa hiyo anajua kwamba kukaa kimya mbali nami hakumpotezei kitu.

Mwaka 2019 Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, waliweka paka na wafugaji wao katika chumba kigeni, mfugaji akatoka kwa dakika mbili, kisha akarudi. Takriban asilimia 65 ya paka waliowapima walimlaki mfugaji kisha wakaendelea kukichunguza chumba. Waliobaki hawakutulia, baadhi yao walimganda wasitake kumwachia. Niliposoma hayo nilimwelewa Kashata. Hao wanaoondoka na kwenda kunusa pembe za chumba ndio wenye imani na mtu wao. Kwa hiyo ukiona paka wako anaanza kulala chumba kingine, usidhani amekuchoka.

Dirisha lisaidie. Paka wa ghorofani hana mti wala ukuta wa kupanda, na mtu mmoja hawezi kuwa dunia yake nzima. Niliweka rafu pana dirishani, nikafunga wavu imara nje ya vyuma, maana vyuma vya madirisha yetu paka hupenya, na ghorofa ya tatu si ya kuchezea. Hapo huwatazama shomoro, kunguru, na wale korongo wakubwa wanaozunguka juu ya Barabara ya Mombasa. Hutoa kimlio cha meno akiwaona, na hukaa hapo muda mrefu kuliko anavyokaa kwangu.

Kwa mafundi wenzangu nina neno la ziada. Paka anayependa kuwa karibu nawe atakuwa karibu na uzi wako. Ulimi wake una miiba midogo iliyoelekea nyuma, na uzi ukishaingia mdomoni ni vigumu kwake kuutema. Akiumeza unaweza kukunja utumbo na kuukata. Ukiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Nyuzi zangu zote, bobini na sindano hukaa kwenye mkebe wenye kifuniko, na ile fimbo ya manyoya hufungiwa kabatini mchezo ukiisha.

Katika majibu mliyochapa wiki iliyopita kuna msomaji aliyeshauri paka wa namna hii atupwe nje ya geti usiku mpaka ashike adabu. Wazee walisema paka wa nyumba haingwi, yaani hafukuzwi, na mimi niko nao. Nje ya geti la Nairobi kuna magari, mbwa, na paka shume wenye mapigano, na kuumwa na mnyama asiyejulikana ni hatari ya kichaa cha mbwa kwake na kwenu nyote. (Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe hata kama hatoki.) Tena, hofu ile ya kufungiwa nje humzidishia yale yale unayotaka ayapunguze. Usimpige, usimmwagie maji. Atajifunza kukuogopa, na ataendelea kulia.

Wengine wamependekeza paka wa pili. Inawezekana, lakini paka wawili wasiopatana katika vyumba viwili ni taabu kuliko mmoja anayedeka. Kwanza mpe huyu ratiba, umpe na wakati, kisha ndipo ufikirie.

Namalizia na Desemba, kwa sababu najua wengi tunafunga nyumba na kwenda kwa wazazi. Paka aliyezoea saa zake anaweza kuvurugika akiachiwa sufuria ya chakula na mlango uliofungwa, na akirudi kukuganda upya utakuwa unaanza mwanzo. Wala usimbebe kwenye matatu kwa safari ndefu ukimpeleka mahali asipopajua. Tafuta mtu anayemzoea amjie asubuhi na jioni, saa zile zile zenu, acheze naye kabla ya kumlisha. Mwachie kikapuni kanga au fulana uliyoivaa bila kuifua. Saa za chakula, jinsi ya kutumia fimbo na namba ya daktari viandike kwenye karatasi, na mpe mtu huyo karatasi hiyo pamoja na ufunguo.

Msomaji, South B