Bustani ya Kisamvu cha Nazi

SWALI: Nina uwanja wa nyuma wenye urefu wa hatua kumi na upana wa hatua sita, na udongo wake ni kichanga. Mlo unaopendwa kuliko yote nyumbani kwangu ni kisamvu cha nazi chenye kunde, ambacho nilifundishwa na mama mkwe wangu. Ningependa kupanda mwenyewe kila kinachoingia katika chungu hicho, isipokuwa nazi na chumvi. Nianze na nini, na lini?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Ahsante kwa swali lako, dada. Anza na muhogo wenyewe. Watu wengi huchuma kisamvu katika mihogo ileile wanayotazamia kuichimba, kisha husikitika wanapokuta mizizi myembamba, kwa sababu mmea unaonyang'anywa majani kila wiki hukosa nguvu ya kujaza mizizi. Kwa hiyo tenga mashina kumi hivi yawe ya majani tu, uyapande mvua zinaposhika, mwishoni mwa Novemba au Desemba, nawe utaanza kuchuma majani machanga ya juu baada ya miezi mitatu hivi.

Jambo ninalokusihi usilifanyie haraka ni kuchagua mbegu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia na ule wa batobato huenezwa na inzi weupe, lakini huenezwa pia na sisi wenyewe tunapopeana miti ya kupanda. Utazame mti wa jirani ukiwa bado umesimama shambani. Ukiona majani ya chini yana manjano inayofuata mishipa, au shina lina michirizi ya kahawia, ukatae hata ukipewa bure. Mti mzuri ukikatwa hutoa utomvu mweupe papo hapo. Kata pingili za sentimita 20 hadi 30, zenye macho matano au zaidi, uzipande macho yakielekea juu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele hakiko mbali nawe. Ulizia huko mbegu ya Kiroba, ambayo hustahimili michirizi ya kahawia.

Kunde zipande kati ya mihogo mwezi wa Februari, ili maganda yakauke mvua zinapokwisha. Hupenda kichanga, wala hazidai samadi nyingi.

Nyanya ndiyo itakayokutaka subira. Ukiipanda wakati wa masika, unyevu huleta baka jani, na mche uliokuwa umestawi hunyauka ukiwa na matunda mabichi. Sia mbegu kitaluni mwezi wa Aprili, uhamishe miche minane mwezi wa Mei mahali penye jua, mbali na kivuli cha mkorosho, kila shimo ukilitia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Ina maana kwamba kisamvu chako cha kwanza, cha mwezi wa Machi, kitapikwa kwa nyanya za sokoni, na hakuna ubaya.

Kitunguu, kwa maoni yangu, endelea kununua: hukaa ardhini miezi mingi na hutaka tuta zima, ilhali chungu kimoja hukihitaji kimoja au viwili tu. Nafasi hiyo ipe mche wa pilipili mbuzi, karibu na mlango wa jiko.