Wokitoki nne za kupeleka Chetambe mwaka wa 1895

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Webuye. Ninaandika mchezo wa kuigiza wa wanafunzi kuhusu vita vya Chetambe vya 1895, ambapo Waingereza waliwashinda Wabukusu katika ngome yao ya mlimani. Nimemrudisha nyuma kijana wa leo akiwa na mkoba: droni moja, simu mbili zenye GPS, wokitoki nne na pawabanki. Nataka Wabukusu washinde. Je, vifaa hivyo vingefanya kazi kweli, na vingebadilisha matokeo? Sitaki watazamaji waelewa wanicheke.

JIBU: Mwalimu, katika mkoba huo vitu vya bei nafuu ndivyo vitakavyomfaa kijana wako, na kile cha bei ghali ndicho kitakachomwaibisha mbele ya wazee.

Tuanze na simu. Simu haijui iko wapi. Husikiliza saa zilizo ndani ya satelaiti zinazozunguka kama kilomita 20,200 juu yetu, kisha hupiga hesabu. Satelaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa 1978, kwa hiyo mwaka wa 1895 huko juu hakuna wa kusikilizwa, na ile doti ya buluu haitatokea hata akikaa kileleni mchana kutwa. Ramani aliyoipakua kabla ya safari itafunguka, lakini itamwonyesha barabara kuu ya kwenda Malaba, kiwanda cha karatasi na pengine shule yako. Atakachokitambua ni Mto Nzoia na milima. Kamera, tochi, kinasa sauti na kikokotoo vitafanya kazi. Kupiga simu sahau, hakuna mnara.

Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kukubana kuhusu tarehe, basi mwekee tayari jibu. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970 kwa biti 32, na ukirudi nyuma hesabu hiyo inakomea 13 Desemba 1901. Mwaka wa 1895 haumo kabisa. Simu yenyewe haitajali. Itaendelea kuamini bado iko kwenye mwaka wetu, na kijana asihangaike kuibadilisha.

Droni sasa. Najua jukwaani inapendeza. Lakini droni za kawaida hutegemea satelaiti hizo hizo ili zitulie angani na kurudi nyumbani zenyewe. Bila satelaiti, inabaki na kamera ya tumboni inayotazama ardhi, nayo husaidia ikiwa chini tu. Ikipanda juu upepo unaisukuma na rubani lazima airudishe kwa mkono kila wakati. Nyingine hujiwekea mpaka wa kimo zisipopata satelaiti. Muda wake hewani ni kama nusu saa, na betri moja ya droni ya wastani inakula kati ya Wh (saa-wati, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) 50 na 60. Kumbuka tarakimu hiyo, nitairudia.

Wokitoki ndizo kazi yangu, kwa hiyo hapa nivumilie.

Uzuri wake ni kwamba hazihitaji mnara, satelaiti wala kampuni. Redio moja inaongea na nyingine moja kwa moja. Na mwaka wa 1895 zitasikika kuliko zinavyosikika leo. Hapa Kisumu ukisimama mlimani Riat ukaongea na mtu aliye Dunga, ufukweni, sauti inafika safi. Shuka Kondele, katikati ya majengo, nyaya, chaja za mtaani na taa za bei ya kutupa, redio inaanza kukwaruza, kwa sababu kila kifaa kibovu kinamwaga kelele hewani. Mwaka huo kelele hiyo haipo, isipokuwa ya radi. Na hakuna wa kudukua. Marconi ndiyo kwanza alikuwa akifanya majaribio yake nyumbani kwa baba yake karibu na Bologna, Italia. Wanajeshi wa Mwingereza walituma habari kwa miguu ya tarishi. Kijana wako aongee Kibukusu wazi wazi, bila mafumbo, na leseni hakuna wa kumdai.

Redio hizi ziko za aina mbili: VHF, ya mawimbi marefu zaidi, na UHF, ya mawimbi mafupi. Mpe za VHF. UHF ni nzuri mjini, ndani ya majengo. VHF hupita vizuri zaidi penye miti na nyasi ndefu. Umbali unategemea kimo kuliko nguvu. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita za upeo wa redio. Mtu aliyesimama uwandani, redio ikiwa kifuani, anapata kama kilomita 5. Tuseme mwenzake yuko mlimani, mita 200 juu ya bonde: huyo anapata kama 58. Jumla 63. Kutoka Chetambe hadi Mumias, Waingereza walikokuwa na kituo chao, ni takriban kilomita 45 kwa mstari ulionyooka. Kwa karatasi, basi, mpelelezi aliye karibu na Mumias anasikika mlimani.

Nimesema kwa karatasi. Ile antena fupi ya mpira inayokuja na redio ni dhaifu, na mtu akichutama ndani ya nyasi hatafika mbali na wati zake 5. Mwongezee kijana waya wa shaba. Kwa masafa ya MHz 150 wimbi lina urefu wa mita 2, kwa hiyo vipande viwili vya nusu mita kila kimoja vinatosha kuunda antena ya kuning'iniza mtini kwa kamba. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo chenye faida hiyo. Ila wingu likianza kunguruma aishushe upesi: upande wetu huu wa ziwa radi haina mzaha, waulize watu wa Kisii.

Umeme. Betri ya wokitoki ya volti 7.4 na mAh 1,800 ina kama Wh 13. Nne zinafika 53. Rudi sasa kwenye droni: kuirusha mara moja kunamaliza umeme ambao ungeendesha redio zote nne kutwa nzima. Pawabanki ya mAh 20,000 ina Wh 74 kwenye maandishi, na ukiondoa zinazopotea njiani, inajaza redio hizo mara moja tu. Lazima awe na paneli ya sola ya kukunja, ya wati 50 hivi. Jua letu la asubuhi litampa Wh 150 kwa siku bila shida, hata mawingu ya alasiri yakija. Na azuie gumzo. Redio inayosikiliza zaidi na kuongea kidogo hudumu saa 11 au 12. Ukikibana kitufe mfululizo, saa moja na robo betri imekwisha.

Je, watashinda? Hapa naingia shamba lako la historia, nikikosea njia utanirudisha. Ngome ilikuwa ya ukuta wa udongo na handaki, na dhidi ya mikuki na wavamizi wa ng'ombe ilikuwa kazi ya mafundi hodari. Msafara wa Hobley, ofisa wa Kiingereza, ulikuja na askari Wasudani, wapiganaji washirika na bunduki ya rashasha ya Maxim. Wabukusu nao walikuwa na bunduki kadhaa, lakini Maxim ilitema risasi kama 500 au 600 kwa dakika. Watu waliojifungia ndani ya ukuta mbele ya silaha kama hiyo wamekusanyika mahali pamoja, na ndicho mpigaji anachotaka. Hakuna redio itakayozuia risasi. Ukimwonyesha kijana wako ndani ya ngome akitangaza "adui amefika langoni", umeharibu betri bure. Kila mtu anamwona.

Thamani ya redio iko siku tatu kabla. Msafara wenye wapagazi ulitembea pengine kilomita 15 au 20 kwa siku, na ilibidi uvuke Nzoia. Reli haikuwapo, ujenzi ulianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu mwishoni mwa 1901. Mpelelezi wa kwanza akiona msafara unatoka Mumias, mlima unajua dakika hiyo hiyo. Wazee wanapata siku mbili za kuamua, na uamuzi wa maana ni kuwaondoa wanawake, watoto na ng'ombe kutoka ngomeni. Uamuzi wa pili ni wapi pa kukutana na msafara. Mimi ningependekeza kivukoni, Maxim ikiwa bado imefungwa begani mwa wapagazi, kwa maana hapo ni mzigo tu. Pia bunduki hiyo hupozwa kwa maji na hula risasi zinazobebwa vichwani. Wapiganaji watakaotawanyika makundi matatu, wakiongozwa kwa redio kutoka mlimani, hawaipi shabaha moja ya kutulia nayo.

Kwa hiyo ushindi wa siku ile unawezekana, na hakuna atakayekucheka. Ukitaka ushindi wa kudumu, mchezo wako utahitaji zaidi ya mkoba. Wanandi waliwasumbua Waingereza kwa miaka, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905 alipokwenda kwenye mkutano wa mapatano na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza. Pale angekuwa na redio kumi zisingemsaidia.

Basi toa droni na simu moja. Weka waya, kamba, paneli na betri za akiba. Halafu wafundishe waigizaji kutumia redio kama watu wanaoijua: bonyeza kitufe, subiri kama sekunde moja, ndipo useme. Walinzi wengi ninaowauzia hapa Kisumu huanza kuongea kabla ya kubonyeza, na mwanzo wa neno unakatwa. Mpelelezi wako akiwahi hivyo kusema "msivuke", kule ng'ambo watasikia "vuke".