Shangazi Anajibu: "Mita Imeharibika"

SWALI: Shangazi, shikamoo. Juzi nilipanda teksi nikiwa na masanduku mawili. Tulipokwisha kuondoka ndipo dereva akasema mita ya kuhesabu nauli imeharibika, akanitajia nauli ya kutisha. Nililipa kwa uchungu. Ningefanyaje?
Msomaji mwenye masanduku

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa lilianzia kwenye buti. Masanduku yakishafungiwa humo, dereva ndiye mwenye neno. Siku nyingine simama nje, mzigo mkononi, uulize: "Mita inafanya kazi?" Akianza hadithi, mshukuru uende kwa mwingine. Mimi hiyo mita mbovu nimeisikia mpaka nimeizoea. Cha ajabu, redio ya gari hilohilo huwa nzima.

Kama teksi ni hiyo moja na usiku umeingia, patana kabla ya kupanda. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Uliza kama bei ni ya gari zima au ya kila abiria, na kama mizigo na ada za barabara zimo, kisha umrudishie maneno yake mwenyewe aitikie. Kilomita zitazame kwanza kwenye ramani ya simu. Uwe na noti ndogondogo pia, maana "sina chenji" ni ndugu yake "mita imeharibika".

Akigeuza bei njiani, usibishane gari likienda. Mwambie akushushe penye watu na mwanga, na namba ya gari uinakili. Hata mita ikiwashwa, itupie jicho: ianze na nauli ya kuanzia, si deni la abiria aliyeshuka.