Deni la Jirani Halilipwi kwa Sadaka

Msomaji mmoja ameuliza: "Paulo anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani, Yakobo anasema imani bila matendo imekufa. Nimfuate nani?" Mfuate Ibrahimu, maana wote wawili wanamtumia yeye yule kama mfano.

Soma kwa mpangilio huu: Mwanzo 15, Mwanzo 22, Warumi 4, ndipo Yakobo 2. Ibrahimu alihesabiwa haki katika Mwanzo 15:6. Ishmaeli alizaliwa baadaye, baba yake akiwa na miaka 86. Tohara ikaja akiwa na 99, Isaka akiwa na 100. Paulo anang'ang'ania hapo: haki ilitangulia tohara. Yakobo anatazama mlimani katika Mwanzo 22, Isaka akiwa amefungwa juu ya kuni, anasema imani ile "ilikamilishwa". Ukianzia sura ya 22 utajikuta unanunua wokovu. Ukigota sura ya 15 utabaki na amina tupu. (Martin Luther, mwanamageuzi wa Kanisa, aliuita waraka wa Yakobo majani makavu mwaka 1522, lakini katika dibaji yake ya Warumi mwaka huohuo akasema imani ni kitu hai, chenye shughuli nyingi. Wanaomnukuu hupenda ile ya kwanza tu.)

Wengi hukwama kwenye matendo kwa sababu nia yao haina kipimo. "Nitabadilika" ni neno la hewani. Zakayo, yule mtoza ushuru, alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Katika Torati, kitabu cha Hesabu 5:7 kilidai mkosaji aliyeungama arudishe deni na sehemu ya tano juu yake. Zakayo akajitoza kwa kipimo cha mwizi wa kondoo, mara nne, Kutoka 22:1.

Basi chukua karatasi. Andika jina la uliyemdhulumu, kiasi, na siku ya kurudisha. Huna zote? Andika awamu ya kwanza, kisha mwambie mwenyewe, usitume mtu. Usiisimulie kama ushuhuda madhabahuni.

Na hapa ndipo watu wa ibada tunapojidanganya: tunamkwepa mdai, tunanenepesha bahasha ya sadaka. Mathayo 5:24 inasema iache sadaka palepale, ukapatane kwanza. Hata katika Torati, malipo yale ya Hesabu 5 yalikwenda kwa kuhani pale tu aliyekosewa alipokuwa hana jamaa wa kuyapokea. Uliyemkosea wewe yupo, na namba yake ya simu unayo.