Ukikamatwa Ulaya kwa hati ya nchi nyingine

Kazi yangu ni ukalimani wa mahakama, na makazi yangu ni Uholanzi. Naitwa polisi wanapomhoji mtu wa Kiswahili, naitwa wakili anapokwenda kumwona mteja wake mahabusu, naitwa mbele ya majaji. Kiapo kinanikataza kusimulia kesi ya mtu yeyote, kwa hiyo humu hamtakuta kisa cha mtu. Sheria yenyewe lakini si siri, na nimeona watu wengi mno wakiumia kwa kutoijua. Ndugu zangu mnaoishi huku, Wakongo wa Ubelgiji, Warundi, Wakenya, Watanzania, shikeni hili: mpaka wa Ulaya unaweza kumzuia mtu, lakini faili la kesi haulizuii. Na siku faili likikufikia, saa za mwanzo ndizo zinazoamua mengi.

Bado nakutana na imani kwamba mtu akihama Ujerumani akaja Uholanzi, ya Ujerumani yamebaki Ujerumani. Zamani ombi la kumrudisha mtuhumiwa lilipitia wizarani, na barua zilizunguka miezi. Tangu 1 Januari 2004 ipo Hati ya Kukamata ya Ulaya. Mahakama ya nchi moja inaitoa, mahakama ya nchi nyingine inaitekeleza, na mawaziri hawana kauli. Kwa makundi 32 ya makosa, yakiwemo dawa za kulevya, usafirishaji haramu wa binadamu, ulaghai na utakatishaji fedha, jaji haulizi hata kama jambo hilo ni kosa katika nchi yake, mradi katika nchi iliyotoa hati adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 3. Ushahidi nao unasafiri. Tangu Mei 2017 mwendesha mashtaka wa Italia anaweza kutuma Amri ya Uchunguzi ya Ulaya kutaka taarifa za akaunti iliyoko Rotterdam. Nchi inayoombwa ina siku 30 za kuikubali na siku 90 za kuitekeleza. Denmark na Ayalandi pekee ndizo hazimo katika utaratibu huo wa ushahidi.

Kesi ikigusa nchi tatu au nne, inaingia Eurojust. Ni taasisi ya Umoja wa Ulaya iliyoanzishwa mwaka 2002, iko The Hague, na kila nchi mwanachama ina mwendesha mashtaka au jaji wake mle ndani. Wanaketi pamoja kuamua nani ashtaki nini, nyumba zipekuliwe siku gani, mali ipi izuiwe. Pia husaidia kuunda timu za pamoja za uchunguzi, ambamo ushahidi uliokusanywa na polisi wa nchi moja unatumiwa na wenzao bila kuombana upya kila mara. Oktoba 2019, Wavietnam 39 walipokutwa wamekufa ndani ya tela la lori huko Essex, Uingereza, wawili kati yao wakiwa vijana wa miaka 15, Ubelgiji, Uingereza, Ufaransa na Ayalandi ziliunda timu ya namna hiyo. Tela lilikuwa limevushwa kutoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji. Watu walihukumiwa Uingereza, na wengine Ubelgiji. Naiheshimu sana kazi hiyo. Wanaouza watu hawana nchi moja, na anayewafuata akisimama mpakani atawakosa daima.

Lakini mashine yenye nguvu hivyo humkamata pia dereva, mpangaji wa chumba, kijana aliyemwazima mtu akaunti yake. Na mara nyingi hao ndio ninaowakuta mbele yangu.

Basi tuseme umekamatwa na unaambiwa kuna hati kutoka nchi nyingine. La kwanza, omba wakili kabla hujajibu neno lolote juu ya kesi. Utapewa karatasi ya haki zako, na una haki ya kuipata kwa lugha unayoielewa. Omba mkalimani, na useme wazi unazungumza Kiswahili cha wapi. Mtu wa Bukavu akiletewa mkalimani wa Zanzibar na hawaelewani vizuri, aseme pale pale. Kunyamaza kwa heshima au kwa aibu kunagharimu, kwa sababu kinachoandikwa siku ile ndicho kitakachosomwa miezi baadaye mbele ya jaji wa nchi nyingine, asiyekuona wala kukusikia.

La pili, ambalo ningependa kila msomaji alikumbuke: utaulizwa kama unakubali kukabidhiwa kwa nchi iliyoomba. Ukikubali, uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 10. Usipokubali, muda ni siku 60, na unaweza kuongezwa. Watu husikia "siku 10" wakadhani ni njia ya kumaliza haraka na kurudi nyumbani. Siyo. Ni njia ya kufika haraka katika gereza la nchi nyingine, na ukishakubali, kwa kawaida hutaruhusiwa kubadili kauli. Una pia kinga ya kutoshtakiwa kule kwa makosa mengine zaidi ya lile lililotajwa kwenye hati, na unaweza kuulizwa kama unaiacha. Kuna wakati kukubali ni busara, wakili wako akiona hivyo baada ya kusoma hati. Ila usikubali kwa uchovu, wala kwa sababu afisa amekuwa mpole kwako.

La tatu, omba wakili wa pili katika nchi iliyotoa hati. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 inampa aliyekamatwa haki hiyo, na ni wachache mno wanaoitumia. Wakili wa hapa hana la kufanya juu ya kesi yenyewe, maana mahakama ya hapa haiulizi kama ulitenda au hukutenda. Inauliza kama hati ni halali. Wa kule ndiye anayeweza kuona faili, kuzungumza na mwendesha mashtaka, pengine hata kufanya hati ifutwe.

Hapa Uholanzi hati zote hizi husikilizwa na mahakama ya Amsterdam, hata kama umekamatiwa Maastricht, na uamuzi wake hauna rufaa ya kawaida. Ndiyo maana familia inatakiwa ianze kazi mapema. Leteni mkataba wa nyumba, barua ya mwajiri, cheti cha shule cha watoto, kibali cha makazi. Si kwa ajili ya kuomba huruma. Mwenye makazi ya kudumu na mizizi hapa anaweza kuomba kwamba hata akihukumiwa kule, kifungo akitumikie huku karibu na watoto wake. Kama ulihukumiwa bila wewe kuwepo na wala hukuarifiwa, mwambie wakili mara moja, kwa sababu hiyo inaweza kuwa sababu ya kukataa hati au ya kupata kesi upya. Na kila siku uliyokaa rumande ukisubiri kukabidhiwa inapaswa kukatwa kwenye kifungo, kwa hiyo wekeni kumbukumbu ya tarehe.

Ubalozi? Una haki ya kutaka wajulishwe, na una haki ya kutotaka. Kwa mkimbizi hili ni jambo zito. Asishinikizwe na mtu.

Kwa vijana nina neno moja kuhusu akaunti ya benki. Mtu anakuomba upokee fedha, uzitoe, ubaki na sehemu kidogo. Huenda fedha hizo zimeibwa kwa mjane Ufaransa, na jina pekee ambalo polisi wa Ufaransa wataliona ni lako. Utakatishaji fedha umo katika yale makundi 32. Tangu Desemba 2020 amri ya nchi moja ya kuzuia mali inatambuliwa karibu katika Umoja mzima, kwa hiyo hata mshahara wako ulio kwenye akaunti hiyo unaweza kushikwa. Kataa, hata kama anayeomba ni binamu yako.

Na wewe uliyeletwa huku kwa ahadi ya kazi, ukanyang'anywa pasipoti, ukafanyishwa kazi bila malipo au ukauzwa: mfumo huu ni wako pia. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2011 inaruhusu waendesha mashtaka wasimshtaki mhanga kwa makosa aliyolazimishwa kuyatenda. Kuna muda wa kutafakari kabla hujaamua kama utashirikiana na polisi, hadi miezi mitatu hapa Uholanzi na siku 45 Ubelgiji, na katika muda huo hufukuzwi nchini. Ubelgiji kuna vituo vitatu vinavyotambuliwa kwa kazi hii: Payoke mjini Antwerp, PAG-ASA mjini Brussels na Sürya mjini Liège. Ukienda polisi kwanza, sema mapema kwamba ulilazimishwa, taja nchi zote ulizopitishwa, na ukabidhi namba za simu na picha za risiti ulizonazo. Tiketi moja ya basi kutoka Paris inaweza kuwa ndiyo inayoiunganisha kesi yako na ya wanawake wengine wanaotafutwa na polisi wa nchi nyingine.